Sahani ya Amal

Mama mwenzangu, ikiwa una mtoto mwenye baka mwilini, baka lililopauka, lisilowasha wala kuuma, epua chungu ukae kitako usome haya. Mimi niliambiwa mapema nikajitia uziwi. Kilichoharibika ni mkono wa mwanangu, tena mkono wa kulia.

Naitwa Ashatu. Mlingotini wananijua kwa mwani: maji yakitoka niko baharini nafunga mbegu kwenye kamba, yakijaa niko uani naanika. Mume wangu Bwanausi ni fundi uashi. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, Shamsia, miaka kumi na tisa, na kazi yake ni kuchora hina. Harusi yoyote kuanzia kwetu mpaka Bagamoyo mjini, bibi harusi alikuwa hataki mchoraji mwingine. Akishika ile koni yake ya hina anavuta mstari mwembamba kama unywele, kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, mkono hautetemeki. Mimi nilikuwa nikimtazama najisemea, huyu mkono wake ndio ulimwengu wake.

Mwaka jana mwezi wa pili, Miza akanipigia simu kutoka Maskati. Miza nilikaa naye dawati moja mpaka darasa la saba, kisha akaolewa kwa ndugu zao Omani. Mwanawe Amal kamaliza chuo, anataka kuja kujitolea miezi sita.

"Kujitolea wapi?" nikamuuliza.

"Huko huko kwenu. Kwa watu wa ukoma."

Akaendelea, sauti ishaingia kilio. "Baba yake kamwambia nenda hospitali za hapa, wagonjwa tele. Hataki. Anasema bibi yake kazikwa Bagamoyo, anataka kutumika huko. Ashatu, basi angalau akae kwako. Umuangalie kama Shamsia. Nakuapisha."

Nikamwapia.

Hao watu wa ukoma wanakaa nyuma ya Mbegani, ndani kidogo, nyumba kama ishirini, tunapaita Kambini. Waliugua zamani, wakapewa dawa, wakapona kabisa, ila vidole havikurudi. Sisi tulikuwa tukipita pale tunageuza uso, na mimi nikiwemo.

Amal akaja na sanduku kubwa na halua kilo mbili. Msichana mwembamba, mcheshi, Kiswahili chake cha Maskati, mimi ananiita khalati, yaani mama mdogo. Kila asubuhi bodaboda inampeleka Kambini. Huko anawalowesha wazee miguu kwenye beseni, anasugua ngozi iliyokakamaa, anapaka mafuta, anageuza nyayo kutafuta kidonda. Maana miguu ile haisikii. Mtu anakanyaga msumari anaenda nao mpaka sokoni.

Akirudi jioni anatuhadithia, na mimi namtazama mikono yake. Nilikuwa naitazama ile mikono mpaka chakula kinanishinda.

Kwetu tunakula sinia moja. Baba, mama, mtoto, mgeni, wote mkono humo humo. Siku ya tatu nikaenda dukani nikanunua sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu, na kikombe chake. Nikampakulia Amal peke yake, pembeni. Nikamwambia, "Kwetu mgeni wa heshima anapakuliwa peke yake."

Shamsia akaniangalia. "Mama, tangu lini?"

"Tangu zamani. Wewe hujui."

Bwanausi akainamia sinia. Ile sahani nilikuwa naiosha kwa maji ya moto, mbali na vyombo vingine, naianika juu ya banda la kuku. Amal akala humo mwezi mzima. Siku moja tu akasema, anacheka, "Khalati, heshima hii itaniua kwa njaa. Mbona nazi yote iko huko kwenye sinia?" Shamsia akacheka mpaka akapaliwa.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia mtu.

Baka la Shamsia nililiona mwaka mzima kabla Amal hajatia mguu Tanzania. Mkono wa kulia, chini ya kiwiko, duara dogo kama sarafu, limepauka kuliko ngozi yake. Nikasema mbalanga, ugonjwa wa ngozi tu. Neno hilo lilikuwa tayari ndani ya nyumba. Mama yake Bwanausi, Bibi Sikuzani, alikuwa na mabaka kama hayo mgongoni, na miaka yake ya mwisho vidole vikaanza kujikunja. Tukasema mbalanga, na vidole tukasema uzee. Shamsia alilala naye kitanda kimoja tangu alipoachishwa ziwa mpaka bibi alipofariki, miaka mitano sasa. Walikuwa wakitaniana hao! "Mke mwenzangu," bibi anamwambia, "leo mume kaniletea mimi changu, wewe utakula miiba." Na tonge la kwanza anamtia mdomoni kwa mkono wake.

Basi nikalisugua lile baka kwa ndimu na magadi. Nilisugua mpaka ngozi ikachubuka, nikakamulia ndimu nyingine juu yake. Mtoto hakusema hata ssh. Nikamsifu. Nikasema mwanangu mvumilivu.

Lilipozidi kukua nikamwambia, "Jichore ua hapo, watu wasiulize." Akajichora. Hina ikififia, anarudia.

Amal ndiye aliyeuliza. Mwezi wa nne, alasiri moja, wamekaa kwenye mkeka uani, mimi nafunga mwani kwenye magunia.

"Shamsia, maua yako yote yanahama. Wiki hii mguuni, wiki ijayo kiganjani. Hili la hapa mbona halihami?"

"Nalipenda."

"Hebu nilione."

"Acha, Amal, umbea wako."

Amal akaokota unyoya wa kuku pale chini. "Tucheze. Fumba macho. Nikikugusa, weka kidole nilipogusa."

Akamgusa shavuni, Shamsia akaonyesha shavu. Akamgusa bega, akaonyesha bega, huku anacheka anasema unanitekenya. Akamgusa juu ya ua. Shamsia akatulia, kafumba macho, anangoja. Amal akagusa tena. Akaupitisha unyoya wote, huku na huku. Shamsia akasema, "Haya basi, mbona hunigusi?"

Mikono yangu ikasimama kwenye gunia.

Amal hakupiga kelele. Alikuja akachuchumaa mbele yangu. "Khalati, kesho twende zahanati. Huenda ni ukoma, na kama ndio, dawa ipo, bure, anapona. Lakini mkono usisubiri. Mishipa ya fahamu ikifa haifufuki. Nawaona kila siku."

Nikasimama. Sijui maneno yale yalitoka wapi. "Umeuleta wewe! Unatoka kushika madonda ya watu unakuja kumshika mwanangu! Nimekupa sahani yako kumbe nilichelewa!"

Akaelewa hapo hapo. Akatazama juu ya banda la kuku, ile sahani inang'aa na jua, kisha akanitazama mimi. "Sahani ilikuwa kwa ajili hiyo?" akauliza, taratibu.

"Mama," Shamsia akasema, "baka hili lilikuwepo zamani, wewe mwenyewe..."

"Nyamaza!"

Nilijua. Mama mwenzangu, ndiyo maana naandika kwa mkono wangu, ili usije ukasema yule mama hakujua. Nilijua baka ni la mwaka uliotangulia. Lakini nilipomsukumia Amal nilipata pumzi, na mtu anayezama haulizi amemkanyaga nani.

Jioni ile ile nikampigia Miza. "Mchukue mwanao. Ameniletea maradhi ya Kambini nyumbani." Miza akapiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. Siku ya tatu Amal akapanda ndege. Alipoondoka alimkumbatia Shamsia kwa nguvu, akaninong'oneza mimi, "Zahanati, khalati. Nichukie, lakini nenda." Bwanausi alikuwa kazini Bagamoyo wiki ile. Aliporudi nikamwambia msichana amekumbuka kwao.

Na majirani nao nikawaambia. Kisimani, pwani, kwenye mwani. Nikasema yule Mwarabu ametoka Kambini na ukoma mkononi, nimemfukuza kabla hajatumaliza. Nilidhani maneno yale yatamfuata Amal. Amal keshavuka bahari. Maneno yakabaki Mlingotini, na hayakuwa na pa kwenda ila mlangoni kwangu.

Mwezi wa tano, mwezi wa sita. Sikwenda zahanati. Kila wiki nasema wiki ijayo. Nikamwambia Shamsia, "Ukienda, wataandika jina lako daftarini, nani atakuoa? Nani atakupa kiganja chake umchoree?" Hilo la kiganja lilimwingia. Mchana akilala usingizi, nachukua unyoya naupitisha pale kwenye baka. Naomba Mungu ashtuke. Hashtuki.

Mwezi wa saba alikuwa anafukiza nguo. Ameweka chetezo, makaa yamekolea, udi unatoka, anatandaza kanga juu ya tenga. Mimi niko jikoni, nikasikia harufu siyo ya udi. Nikatoka. Mkono wake umelalia ukingo wa chetezo, ngozi inafuka moshi, na yeye anaimba.

"Shamsia!"

"Abee, mama?"

Akautazama mkono. Akatazama tena. Hakulia kwa maumivu, maana hayakuwepo. Alilia kwa kukosa maumivu, na kilio hicho sijawahi kukisikia kwa mtu mwingine.

Nikampaka asali, nikafunga kitambaa. Hata hapo sikwenda.

Kisha koni ikaanza kumdondoka. Kidole cha mwisho na kile cha pete vikawa havinyooki, vimeinama kama vinachungulia kiganja. Mstari uliokuwa kama unywele ukawa unayumba. Bibi harusi mmoja wa Bagamoyo alinawa hina ikiwa nusu, akamlipa, akaita mtu mwingine mbele yake.

Mwezi wa tisa akaolewa Maulida. Huyu na Shamsia wamecheza kitoto pamoja, na tangu wana miaka kumi waliahidiana: siku yako nitakuchora mimi. Kadi ikaja, ya kula. Ya hina haikuja.

Tukaenda. Wanawake tumejaa uani, mikeka imetandikwa, masinia ya pilau yanapita juu ya vichwa, wanne wanne wanakaa. Mimi nimekaa na wakubwa, Shamsia kakaa na wenzake upande wa pili. Sinia lao likawekwa. Kabla hajanyoosha mkono, akaja shangazi yake Maulida, kabeba sahani moja imefunikwa kawa. Akaiweka mbele ya Shamsia, akatabasamu.

"Wewe mgeni wetu wa heshima," akasema. "Mgeni wa heshima anapakuliwa peke yake."

Yalikuwa maneno yangu yale yale. Nilikuwa nimeyasema mwenyewe kisimani, najisifia ujanja wangu. Wasichana wenzake wakajisogeza kidogo, kila mmoja anajifanya anarekebisha mtandio.

Nikainuka. Nikapita katikati ya mikeka nikaenda kukaa mbele ya mwanangu. Nikasema kwa sauti, "Sogeza, tule wote."

Nikapeleka mkono kwenye sahani. Mkono ukasita. Wallahi ulisita, kama unavyosita juu ya moto. Ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini Shamsia aliuona.

"Usijisumbue, mama," akasema kwa upole. "Mbona Amal alikula peke yake na hakufa?"

Nikachota nikala. Tonge lilikwishachelewa. Yeye naye akachota, wali ukapita kwenye vile vidole viwili visivyofumba, ukamwagika kwenye gauni lake jipya, punje kwa punje, na wanawake wote wakawa wanatazama pengine.

Kesho yake asubuhi tukaenda zahanati, watatu. Bwanausi nilimwambia njiani, juu ya bodaboda, yote, bila kumtazama usoni.

Nesi anaitwa Zuhura, mama wa makamo, hana haraka. Akamfumba Shamsia macho, akachukua pamba badala ya unyoya, lakini mchezo ni ule ule. Akamshika kiwiko kwa ndani, akakibonyeza kwa vidole, akanichukua mkono wangu akaniwekea pale. Nikaupapasa mshipa umevimba chini ya ngozi, mnene, mgumu, kama kamba yangu ya mwani.

"Baka lina muda gani?"

Nikafungua mdomo. Miezi michache, ndilo lililokuja ulimini. Shamsia alikuwa ananitazama. Akanitazama tu.

"Linakaribia miaka miwili," nikasema. "Nililiona mimi. Na mwezi wa nne niliambiwa nije, sikuja."

Zuhura akaandika. "Huko kazini au jirani kuna mgonjwa?"

"Alikuwepo mgeni, alikuwa anakwenda Kambini..."

"Kambini wote wamepona, hawaambukizi mtu," akanikata. "Na ukoma hauingii leo ukaonekana kesho kutwa. Unajificha mwilini miaka, mitano, kumi, hata zaidi. Unapata kwa mtu asiyetibiwa mnayekaa naye karibu siku zote. Nyumbani kwenu zamani, nani alikuwa na mabaka? Nani vidole vilijikunja?"

Kisha Bwanausi, ambaye tangu asubuhi hajafungua kinywa, akasema, "Mama yangu." Akaweka uso kwenye kofia yake.

Bibi Sikuzani, maskini, tulimpaka mafuta ya nazi miaka mingapi, tukamwita mzee. Na yeye angepona.

Dawa ni bure. Anazimeza mwaka mzima, pakiti kwa pakiti, na Zuhura akasema baada ya siku chache za dozi hawezi tena kumwambukiza mtu. Sisi wawili tukapimwa, tukapewa dawa ya kinga. Pia akampa vidonge vya kupunguza uvimbe wa mshipa. Nikamuuliza la moyoni mwangu: vidole?

"Dawa itaua ukoma. Mshipa uliokwisha kufa siahidi. Mngekuja mwezi wa nne..." Akageuka kuchukua pakiti.

Akatutuma Kambini, Shamsia akafundishwe mazoezi ya vidole. Ndipo mimi nikaingia mara ya kwanza kule nilikokuwa nageuza uso. Akatupokea Bi Mina, mzee mfupi, viganja vyake havina vidole ila gumba moja.

"Wewe ndiye mama wa sahani?" akaniuliza.

Nikatamani ardhi inimeze.

"Amal alituhadithia ana khalati anampakulia peke yake kama sultani. Tulicheka siku hiyo! Sisi tulijua ni sahani ya nini. Yeye mwenyewe alikuwa hajui, mtoto wa watu." Akacheka tena, kisha akaacha. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji. "Alipoondoka hakukuwa na wa kunigeuza nyayo. Kijiti kimeingia, nimekaa nacho wiki mbili. Wamekata kidole kilichobaki."

Hakusema kwa kunilaumu. Alinimiminia chai, kashika birika kati ya viganja viwili, hakumwaga tone. Nikanywa. Safari hii mkono haukusita.

Akamgeukia Shamsia. "Mke mwenzangu," akasema, kama wanavyosema mabibi wote, na mwanangu akaangua kilio palepale. Bi Mina akangoja anyamaze. "Sikiliza. Mkono huu sasa haukuambii kitu, basi uutazame. Jikoni uutazame, ukinawa uutazame, ukilala uutazame. Usipoutazama wewe, panya atautafuna na hutajua."

Nilimpigia Amal. Kabla sijaomba msamaha akauliza, "Khalati, mkono vipi?" Nikamwambia. Nikasema nisamehe, akasema amesamehe, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. Mama yake hamruhusu tena kusafiri. Miza mwenyewe hapokei simu yangu, na nilipomtumia ujumbe kumwambia nilisema uongo, ulisomwa, haukujibiwa. Kambini hajaja mtu mwingine. Mimi nakwenda Jumatatu na Alhamisi kulowesha miguu. Sifanyi vizuri kama yeye.

Shamsia kamaliza dawa mwezi uliopita. Baka limefifia, mwili umesafika, ukoma umekwisha. Kidole cha pete kimenyooka nusu. Cha mwisho hakikunyooka, na Zuhura kasema tusikisubiri. Anachora kwa vidole vitatu, karatasi anazijaza, mstari bado unayumba mwishoni. Hina anakorogea kwenye ile sahani ya ukingo wa buluu, mwenyewe aliichukua juu ya banda la kuku, hakuniuliza. Kuhusu bibi harusi, bado hajaja hata mmoja.

Na sababu ya kuandika ni hii. Juzi pwani nimemwona mtoto wa jirani yangu, miaka saba, ana baka nyuma ya shingo, limepauka, halina mba. Nikamwambia mama yake. Akanijibu mbele ya watu, "Mbalanga tu hiyo, ni ya ukoo wetu. Mikosi yako usiniletee mimi, Ashatu." Wenzake wakacheka. Nikamwona kafanya kama mimi, kalipa baka jina ili lisimsumbue.

Sikugombana naye. Nilirudi nyumbani, nikaokota unyoya wa kuku, nikauosha, nikaenda kuuchomeka kwenye dirisha lake, apate kumpitishia mwanawe pale shingoni. Leo asubuhi nilipopita, ulikuwa bado uko palepale. Nitapita tena kesho, na nikiukuta, nitagonga mlango.